Shajara ya mradi: laptopu ijue yenyewe iko nyumbani au kazini

Jumamosi asubuhi

Leo naanza rasmi maana hili jambo limenichosha. Laptopu ni moja, natumia nyumbani na ofisini, na muda wa skrini kujifunga hauwezi kuwa mmoja kote kuwili. Ofisini nataka nikiinuka tu, dakika mbili iwe imeshajifunga, kwa sababu pale kwetu ukiacha mashine wazi ukaenda kuchukua chai unarudi unakuta umeshaahidi kwenye grupu la ofisi kwamba chipsi kuku za leo ni juu yako na watu wameshaanza kutaja vinywaji. Hayo ni matani tu, nayavumilia. Ila ndani ya mashine hiyohiyo kuna mafaili ya wateja, majina, namba za simu, nakala za vitambulisho, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023 hiyo habari sio ya kuchekea tena.

Nyumbani sasa ni kinyume kabisa. Nimefungua maelekezo kwenye skrini, mikono imejaa unga, kila nikiinua macho kioo kinaniuliza paswedi, na paswedi yenyewe ndefu kama barua. Dawa wanayotumia wengi naijua, mtu anaweka nusu saa kote au anazima kabisa yakaisha, yaani kero ya jikoni inakuja kuamua usalama wa ofisini. Sitaki hiyo.

Kwa hiyo lengo: laptopu ibadilishe muda yenyewe kulingana na mahali ilipo, mimi nisiguse kitu. Natumia Ubuntu yenye dawati la GNOME, kwa hiyo yote yanayofuata ni ya huko.

Vitu vya kucheza navyo nimeviona vitatu. Kuna idle-delay iliyo chini ya org.gnome.desktop.session, hiyo ni sekunde ngapi za kutoguswa ndio kioo kizime, ikija mpya inakuwa 300, yaani dakika tano, na ukiweka 0 maana yake kisizime kamwe. Halafu chini ya org.gnome.desktop.screensaver kuna lock-delay, kioo kikishazima kisubiri sekunde ngapi ndio kidai paswedi, na kuna lock-enabled ambayo ni ndiyo au hapana ya kufuli lenyewe.

Mtu wa haraka atakimbilia hiyo ya mwisho, nyumbani azime, kazini awashe. Mimi nimeamua siigusi kabisa. GNOME inapotaka kulala ukifunika laptopu huwa inaangalia hiyohiyo lock-enabled ndio ijifunge kabla ya kulala (Ubuntu wameongeza na ufunguo wao, ubuntu-lock-on-suspend, nao nauacha umewaka). Sasa fikiria umeizima kwa sababu uko nyumbani, ukafunika laptopu, ukaitia begini, ukapanda daladala, ikabaki Mwenge kwenye siti. Atakayeifungua anaingia moja kwa moja. Kwa hiyo kufuli linabaki limewaka siku zote, ninachobadilisha ni sekunde tu. Nyumbani 1800, ofisini 120, kwingine kokote 60. lock-delay inakaa 0 kote.

Jumamosi usiku

Toleo la kwanza linafanya kazi, kwa shida lakini.

NetworkManager, programu inayosimamia mitandao kwenye Ubuntu, ina folda yake, /etc/NetworkManager/dispatcher.d, ukiweka skripti humo inaiita kila mtandao ukipanda au ukishuka, inaipa jina la kifaa cha mtandao na tukio lenyewe, up, down, vpn-up na wenzake, na humo ndani unapata pia CONNECTION_UUID, namba ya utambulisho wa ule muunganisho uliouhifadhi. Masharti yake ni makali, skripti lazima iwe ya root (mtumiaji mkuu wa mashine), iwe na ruhusa ya kuendeshwa, na wasiohusika wasiweze kuiandika, vinginevyo inarukwa. Hilo nimelipenda, folda inayoendesha vitu kwa mamlaka ya root isiwe choo cha stendi.

Kilichonila muda ni kwamba skripti inaendeshwa na root, na mipangilio ya skrini ni ya kwangu, iko kwenye kikao changu. gsettings, amri ya kubadilisha mipangilio ya GNOME, ikiitwa na root haijui kikao changu kiko wapi, inatafuta D-Bus yangu (njia ya programu kuzungumza ndani ya kikao) haioni. Ikabidi niielekeze kwa mkono, runuser kwanza iwe mimi, halafu DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1000/bus, hapo ndio ikasikia. Hiyo 1000 ni namba ya mtumiaji wa kwanza kwenye Ubuntu, kama kwenu mashine ina watu wawili wewe unaweza kuwa 1001, angalia kwa amri ya id.

Inabadilika. Ila sijaridhika, naona navuka mto kwenda kuchota maji ya bombani kwangu.

Jumapili

Leo sijaandika mstari hata mmoja wa skripti, nimekaa kufikiria alama ipi ndio ithibitishe kwamba hapa ni nyumbani, na naona hapa ndipo kazi yote ilipo.

Jina la wifi peke yake halifai. Jina anaweka yeyote, mimi mwenyewe nikiwasha hotspoti ya simu sasa hivi naweza kuiita jina la wifi ya jirani na hakuna wa kunizuia. Watu wengi huwa wanaishia hapo kwenye jina na kuona wamemaliza.

Anwani ya rauta yenyewe, BSSID, nayo inarushwa hewani wazi, anayetaka kuinakili anainakili. Halafu ni kero kwa mwenye nyumba pia, rauta ya bendi mbili ina anwani mbili, ya 2.4GHz na ya 5GHz, mkibadilisha rauta zote zinakufa, mkiongeza kifaa cha kusogeza mtandao chumbani inakuja nyingine. Utakuwa unahariri orodha mpaka uzeeke.

Nilichokubaliana nacho ni ile UUID, na sababu yake iko kwenye WPA2, ule ulinzi wa wifi wa paswedi, sio kwenye UUID yenyewe. UUID haitoki kwenye rauta, ni namba ya ule muunganisho uliohifadhiwa ndani ya laptopu pamoja na paswedi yake. Mtu akisimamisha wifi yenye jina kama la kwangu lakini haina paswedi, muunganisho wangu unadai WPA2 kwa hiyo hauendi. Akiweka paswedi ya kubahatisha, pale mwanzoni laptopu na rauta huwa zinathibitishiana kwamba zote mbili zinaijua paswedi bila kuitaja hewani, rauta ya bandia inashindwa mtihani na muunganisho haukamiliki. Kwa hiyo ukiona UUID ya nyumbani imekamilika kuunganishwa, upande wa pili unaijua paswedi ya nyumbani.

Sasa nani anaijua paswedi ya nyumbani? Wageni wote waliowahi kuja, fundi wa king'amuzi, watoto wa jirani, na rafiki zao. Sawa. Lakini hao ili wanufaike inabidi kwanza laptopu iwe mikononi mwao ikiwa tayari iko wazi, maana kulegeza muda hakufungui skrini iliyokwishajifunga, kunabadilisha tu hesabu ya kuanzia hapo mbele. Hatari hiyo naibeba.

Kitu kingine nimekigundua nikizungukazunguka kwenye orodha ya nmcli (amri ya kuongea na NetworkManager), waya. Ukichomeka waya wa mtandao bila kutengeneza muunganisho wake, unapata ule wa kujitengenezea, Wired connection 1, na huo ni huohuo ukichomeka ofisini, ukichomeka hotelini, ukichomeka kwa shemeji. Kwa hiyo waya hauthibitishi chochote. Ofisini hainisumbui kwa sababu ofisini ni kubana, ila asije mtu akaandika UUID ya waya kwenye orodha ya nyumbani.

Jumatatu, ofisini, mchana

Nimefika, 120. Vizuri. Nimewasha kontena za Docker (programu zinazoendeshwa kila moja kwenye chumba chake) kwa ajili ya kazi fulani, ghafla ikaruka kwenda 60, ya kwingine. Sijahama kiti!

Logi za journalctl -u NetworkManager-dispatcher zikasema yote. Docker inatengeneza daraja lake la mtandao, docker0, NetworkManager inaliona, inatangaza tukio la up kwa docker0, skripti yangu inapokea UUID ya docker0, haiijui, inasema huku ni ugenini. VPN ikipanda ni yaleyale. Yaani nyumbani nikiwa na wifi yangu kabisa, nikiwasha VPN ya kazi, naonekana nimehama mji.

Shida iko kwenye muundo, skripti inaamini tukio. Tukio lichukuliwe kama kengele ya mlangoni, likilia unajua tu kwamba nenda kaangalie, aliyegonga unamwona ukishafungua. Kwa hiyo kuanzia sasa kila tukio, liwe la kifaa gani, skripti inauliza upya: hivi sasa miunganisho iliyo hai ni ipi?

nmcli -t -f UUID,STATE connection show --active

Na hiyo STATE ni ya lazima. Muunganisho unaingia kwenye orodha ya walio hai ukiwa bado ni activating, yaani kabla hata mtihani wa paswedi haujaisha. Ukichukua UUID tu bila kuangalia hali yake, yale maelezo yangu yote ya Jumapili kuhusu WPA2 hayana maana, rauta ya bandia itakupa sekunde kadhaa za kuonekana uko nyumbani kabla haijafeli. Nasubiri neno activated.

Jumatano usiku

Nimeitupa skripti ya dispatcher yote, na nimefurahi kuitupa. Kumbe nmcli ina kitu kinaitwa nmcli monitor, unaiacha inaendelea na kila mtandao ukicheza inatema mstari, na haihitaji root. Nikaifanya huduma ya mtumiaji ya systemd (kinachoanzisha na kusimamia huduma kwenye mashine), faili linakaa ~/.config/systemd/user, ndani yake ni skripti fupi inayosoma mistari ya nmcli monitor, ukija mstari wowote inaenda kuuliza orodha ya walio hai. Kwa kuwa inaishi ndani ya kikao changu, zile habari za runuser na 1000 na D-Bus zimekwisha, gsettings inaitwa kawaida tu kama unavyoiita kwenye terminali.

Orodha ya nyumbani iko kwenye faili, kila mstari ni UUID, nukta mbili, activated, halafu naichuja kwa grep, amri ya kutafuta mistari inayolingana, hivi:

grep -qxFf ~/.config/kufuli/nyumbani

Herufi zote hizo nne zina kazi lakini x ndiyo roho ya hapa. Bila x, ukiacha mstari mtupu kwenye hilo faili, umebonyeza Enter mara moja zaidi mwishoni basi, grep inauchukua mstari mtupu kama kitu kinachofanana na kila kitu, na kila mtandao duniani unakuwa nyumbani. Ukumbi wa hoteli, nyumbani. Uwanja wa ndege, nyumbani. Ukiweka x inadai mstari mzima ulingane neno kwa neno, na mstari mtupu unalingana na mtupu mwenzake tu, ambao nmcli hautoi. Nimelijaribu kwa makusudi kwa njia zote mbili, kwa hiyo sihadithii.

Halafu nikajiuliza, je huduma ikifa nikiwa nyumbani? Sekunde zinabaki 1800, mimi naenda ofisini nazo, hakuna wa kuzirudisha. Kwa hiyo kwenye faili la huduma nimeweka ExecStopPost inayoandika 60, hiyo systemd inaiendesha huduma ikisimama kwa namna yoyote, hata ikiwa imekufa vibaya, na Restart=always ya kuifufua. Nikaiua kwa kill -9 kuona. Ikarudi 60, halafu ikaamka, ikauliza, ikakuta niko nyumbani, ikalegeza.

Ndio msimamo wangu wa mradi mzima sasa: mahali pa kuanzia ni 60, na skripti lazima ipate ushahidi ndio ilegeze. Kitu kikifeli, faili likifutika, wifi ikisahauliwa na kuunganishwa upya ikapata UUID mpya, vyote vinaangukia kwenye kubana. Kibaya zaidi kitakachonikuta ni kuandika paswedi.

Ijumaa

Umeme umekatika saa mbili usiku nikiwa katikati ya kazi. Laptopu ina betri, rauta haina. Wifi ikashuka, skripti ikabana kwenda 60 papo hapo, na mimi niko gizani kwangu naulizwa paswedi kila nikikohoa. Kisheria ya mradi imefanya sahihi kabisa, kibinadamu nilitaka kuirusha dirishani.

Wazo la haraka likaja, ngoja niambie ikikosa mtandao isubiri dakika kumi ndio ibane. Nimelikataa. Kukosa mtandao ndio hasa kunakotokea ukiwa unaondoka na laptopu, hizo dakika kumi ni safari ya mpaka kituoni. Kubana kunabaki papo hapo. Nilichoongeza ni upande wa kulegeza, ikiona nyumbani inasubiri sekunde 20, inauliza tena, jibu likiwa lilelile ndio inaandika 1800. Hiyo imesaidia na usiku ule wifi za majirani wote zinapogombana hewani, ya kwangu inashuka inapanda inashuka, kabla ilikuwa inanitumia taarifa juu ya taarifa pembeni mwa skrini.

Wazo la pili, hotspoti ya simu iingie kwenye orodha ya nyumbani, maana umeme ukikatika ndio ninayotumia. Hapana tena, na hili ni rahisi, hotspoti inatembea na mimi mfukoni. Nikiwa kwenye basi niko nayo, nikiwa kantini niko nayo. Ingekuwa alama ya nyumbani basi nyumbani kungekuwa kila mahali.

Suluhisho halikuwa la programu. Kuna zile UPS (betri za akiba) ndogo za rauta, za volti 12, ukubwa wa kitabu, fundi wa mtaani anaziuza. Nimechukua. Umeme ukikatika rauta haijui, laptopu haijui, na tena intaneti inaendelea. Soma volti kwenye adapta ya rauta yako kabla hujanunua, maana kuna rauta za volti 9 na ukichomeka 12 utakuja kunitafuta.

Wiki nyingine, Jumanne

Nimemuonyesha jamaa wetu wa IT kabla hajaiona mwenyewe. Swali lake la kwanza lilikuwa lile ninalotarajia, ofisini inaweza kuzidi dakika ngapi. Akasema wale wanaogusa malipo ya kadi wanafuata PCI DSS, kanuni za usalama wa malipo ya kadi, na kule mashine ikikaa bila kuguswa zaidi ya dakika 15 lazima mtu ajitambulishe upya, kwa hiyo mbili zangu hazina neno. Akataka kitu kimoja tu, mafaili ya wateja niyaweke kwenye folda iliyofungwa kwa paswedi yake na nisiifungue nyumbani ila nikiwa na kazi nayo. Haki yake. Muda wa skrini haulindi mafaili kwa mtu unayekaa naye sebule moja.

Wenzangu wawili wanaotumia Windows wametaka na wao. Kule njia ipo, Task Scheduler inaweza kuanzisha kazi kutokana na tukio la logi, na kwenye logi ya NetworkProfile tukio namba 10000 ni mtandao umeunganishwa, 10001 umekatika. Lakini laptopu zao ni za ofisi, na muda wao umepangwa na sera kutoka juu, ule mpangilio wa InactivityTimeoutSecs. Nimewaambia msigombane nao, hiyo ni mali ya ofisi, muda mrefu mtaupata kwenye laptopu zenu. Kuna na ile Dynamic Lock ya Windows, unaoanisha simu kwa Bluetooth, ukiondoka na simu mashine inajifunga baada ya muda kidogo. Nzuri kwa anayetembea na simu. Mmoja wao simu yake inashinda kwenye chaja mezani palepale pembeni ya laptopu, kwa hiyo kwake haitamwona ameondoka hata akienda Mafinga.

Mimi mwenyewe Bluetooth nimeipima nyumbani, inapenya ukuta wa chumba cha pili bila shida, kwa hiyo haijui kama niko mezani au jikoni. Nimeiacha. Nikiinuka ofisini nabonyeza Super (kitufe chenye alama ya Windows) na L, hiyo hakuna skripti inayoishinda, hizi 120 ni za siku nitakayosahau.

Jumamosi

Mradi umetulia, siuhisi tena, nikifika nyumbani dakika moja hivi ya kwanza ni ya kubana halafu inalegea, nikifungua ofisini inakuwa tayari 120. Video haina tatizo, programu ya kuchezea video yenyewe huwa inazuia skrini isizime. Kwa siku ya kutoa mada ofisini natumia gnome-session-inhibit --inhibit idle nikifuatisha na programu ya slaidi, zuio linaisha nikiifunga programu, kwa hiyo sibadilishi mpangilio wowote halafu nikasahau kurudisha.

Limebaki swali la Tanga. Nikienda kwa bi mkubwa nakaa wiki nzima na nafanya kazi kule, je UUID ya pale niiweke kwenye orodha ya nyumbani? Nimefungua faili, nimeiandika, nimeifuta. Kule kuna wajukuu wa umri wote, laptopu ikiwa wazi mezani kwa nusu saa nitakuta imepakuliwa magemu na barua pepe ya mteja imejibiwa kwa picha za paka. Nimeongeza ngazi ya nne, faili la ugenini-salama, sekunde 300, Tanga imeingia humo peke yake. Skripti inaangalia faili zote zinazolingana na kuchukua sekunde zilizo chache. Nitaijaribu sikukuu.